Riwaya za Wachina na Mtoto wa Kuokotwa

 

Tumepokea barua iliyotiwa saini na wazee kumi na mmoja wa msikiti ulio jirani nasi, wakitutaka tuandike katika ukurasa huu kuharamisha kile walichokiita "riwaya za majini ya Kichina" ambazo vijana wanazisoma katika simu zao. Pamoja na barua hiyo tuliletewa simu yenyewe. Babu mmoja alimnyang'anya mjukuu wake baada ya kumsikia akicheka peke yake chumbani saa sita ya usiku. Wazee wetu wametaja sababu tatu. Ya kwanza ni ushirikina, ya pili ni kupoteza wakati. Ya tatu, na hii ndiyo waliyoipigia mstari, ni kwamba riwaya hizo "zinafundisha familia zisizo na nasaba", yaani watu wasiohusiana kwa damu wanakaa nyumba moja, wakiitana bibi, baba na mwana, na jambo hilo linafanywa la kuchekesha.

Sisi si mamufti, na hata tungekuwa ndio, si katika adabu ya elimu kuhukumu kitabu kwa kutazama jalada lake. Kwa hiyo tulimwita kijana mwenyewe, Allah amjaze kheri, akatuonyesha alichokuwa akikisoma na yanayofanana nacho, nasi tukasoma kwa muda wa wiki tatu. Katika sababu ya kwanza tunakubaliana na wazee wetu. Katika ya pili tunakubaliana nao na kuzidi. Ama ya tatu tunaikataa kwa dhati, na tunawaomba watusome hadi mwisho kabla ya kutuandikia barua nyingine.

Kwanza msomaji aelewe tunazungumzia nini. China ina biashara kubwa ya riwaya ambazo hazipitii kiwanda cha kuchapa vitabu. Mwandishi hutoa sura moja au mbili kila siku kwa njia ya intaneti, na msomaji huzifuata katika simu kama watu walivyokuwa wakifuata tamthilia za redio. Jukwaa mashuhuri linaloitwa Qidian lilianzishwa mwaka 2002, na Oktoba 2003 likaanza kuwatoza wasomaji: sura za mwanzo ni bure, kisha hulipwa kwa hesabu ya kila herufi elfu moja za Kichina. Kampuni ya Yuewen inayolimiliki leo iliingia katika soko la hisa la Hong Kong mwaka 2017, na mwaka huo huo ikafungua jukwaa la tafsiri za Kiingereza, Webnovel. Kwa njia kama hiyo kijana wetu akafikiwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 taasisi ya China inayohesabu watumiaji wa intaneti ilikadiria wasomaji wa riwaya hizi nchini humo kuwa milioni 520. Basi mzee anayedhani jambo hili ni ugonjwa wa mjukuu wake peke yake, ajue kwamba linakaribia kuwa desturi ya umma mzima.

Wala sisi wenyewe si wageni wa vichekesho vya familia za Kichina. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Kisa chake ni bibi harusi anayejikuta na mama wakwe wawili, kwa kuwa baba mkwe alimtaliki wa kwanza akaoa mwingine. Tunakumbuka vyema kwamba katika mitaa yetu watu waliwahi kurudi nyumbani ili wasiikose, wakiwemo baadhi ya hao walioweka saini. Hatusemi hayo kwa kuwaaibisha. Kicheko kile hakikumtoa mtu katika dini, na wala hatukupokea barua yoyote wakati ule.

Sasa ushirikina. Sehemu kubwa ya riwaya hizi ni za aina inayoitwa xianxia, ambayo mizizi yake imo katika imani za Kitao: mtu hujizoeza, hukusanya nguvu za kimaumbile, hupanda daraja baada ya daraja, hata anafikia kuishi milele na kushindana na miungu. Hatupepesi macho hapa. Kuishi milele si sifa ya kiumbe, na kuwa na miungu mingi ya kupigwa na kuchungwa kama mbuzi ni upuuzi ambao hata mtoto wa chuoni anaweza kuujibu. Kijana asiyeijua tauhidi vizuri, tunamshauri mzazi wake amzuie na amfundishe kwanza. Aliyeijua, tunamwambia asiyafanye mambo hayo kuwa chakula chake cha kila siku. Zaidi ya hapo hakuna la kurefusha, kwa sababu hakuna Mwislamu anayebishana nasi.

Ama kuhusu wakati, wazee wetu wamelaumu kidogo kuliko inavyostahiki. Waliona saa sita ya usiku wakakasirika, lakini hawakuiona mizani iliyomkalisha kijana macho hadi saa hiyo. Pale mwandishi anapolipwa kwa hesabu ya herufi, hana sababu ya kukimaliza kisa. Ugomvi wa maneno kumi hupewa sura tatu. Vita vinavyokwisha hufunguliwa vingine, na shujaa aliyefika kileleni huambiwa kwamba juu ya mbingu ile kuna mbingu nyingine. Wasomaji wa Kichina wenyewe wanaijua hila hiyo na wameipa jina la "maji", wakimaanisha kwamba mwandishi ametia maji. Kwa sisi tuliokulia penye wauza maziwa neno hilo halihitaji sherehe. Riwaya kuu tuliyoisoma, ambayo tutaieleza punde, ina sura zaidi ya elfu moja na mia tano. Hatukuimaliza, na tunakiri kwamba usiku mmoja sisi nasi tuliikaribia saa sita.

Kuna aina moja katika soko hilo ambayo tunailaani bila ya kusitasita, nayo ni ile ya mwanamume anayekusanya wanawake kila anapokwenda, wote wakimpenda na wote wakikaa chini ya paa lake kwa furaha. Kijana mmoja alituambia kwa ujasiri kwamba hii ni hoja ya kutetea ndoa ya wake wengi. La hasha! Katika yote tuliyoyasoma ya aina hiyo hatukuona mahari, hatukuona walii, hatukuona nafaka, wala hatukuona mahali ambapo bwana huyo anagawa zamu na kuogopa kuulizwa. Hayo si mafundisho ya Suratun Nisaa, ni ndoto ya mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Wazee wetu wangeandika barua dhidi ya haya tungeyatia saini kabla yao. Lakini ajabu ni kwamba haya hawakuyataja kabisa.

Walilolitaja ni kapu la mtoni.

Riwaya waliyoikuta katika simu ile inaitwa Mu Shen Ji, yaani "Kumbukumbu za Kuchunga Miungu", ya mwandishi anayejiita Zhai Zhu. Ilitolewa sura kwa sura kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, na mwaka 2024 ikaanza kuonyeshwa kama filamu ya katuni. Jina lake linatukera, na tumekwisha kusema kwa nini. Kisa chenyewe kinaanzia katika nchi ya mapori na magofu ambako anayetoka nje usiku haonekani tena. Katikati ya pori hilo kuna kijiji cha wazee tisa, na hakuna kati yao aliyekamilika viungo. Mkuu wa kijiji hana mikono wala miguu. Mchinjaji amekatika kiunoni, amebaki nusu ya juu. Mganga wa dawa hana uso. Yupo kipofu, yupo kiziwi, yupo bubu, yupo kiwete, yupo mwenye mkono mmoja, na yupo Bibi Si mwenye kibiongo. Usiku mmoja wanasikia sauti ya mtoto mchanga. Bibi anatoka katika giza ambalo hakuna anayethubutu kulitokea, anakwenda mtoni, na anarudi na kapu lenye mtoto ndani yake.

Mtoto huyo analelewa na hao tisa, na hapo ndipo kinapozaliwa kicheko. Kiwete ndiye anayemfundisha kukimbia. Kipofu ndiye anayemfundisha kutazama. Mwenye mkono mmoja anamfundisha ngumi, mchinjaji asiye na miguu anamfundisha visu, na kila mmoja anaamini kwamba bila ya somo lake mtoto huyu ataaibika duniani. Wanamgombania kama mama wakwe wa Doudou. Mtoto akakua akidhani kwamba kila mzee wa kila kijiji duniani anaweza kuyafanya hayo, na alipotoka nje akashangaa kuona watu dhaifu kiasi kile.

Kipo pia kisa cha uongo. Mtoto alipopimwa, ilidhihirika kwamba hana kile kipaji cha mwili ambacho katika nchi ile humwezesha mtu kuwa na nguvu. Mkuu wa kijiji, kwa kuchelea kumvunja moyo, akamdanganya kwamba anao mwili wa pekee, tuuite Mwili wa Kijabari, ambao ni bora kuliko vipaji vyote. Hakuna kitu kama hicho. Lakini mtoto akaamini, akajitahidi kwa kadiri ya imani hiyo, na wazee wakabaki wanatazamana kila alipofanya jambo ambalo halikuwezekana. Tulicheka, hatukatai. Hata hivyo hatuuidhinishi uongo huo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimsikia mama akimwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kwamba ni tende, akamwambia kuwa lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Mlezi hana ruhusa ambayo mzazi hana.

Riwaya nyingine aliyotuonyesha kijana ni ya mtu aliyezinduka katika mwili wa mtu mwingine, katika ulimwengu usio wake, akamkuta mtoto wa kike anamwita baba. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mkahawa wa Baba Mlezi katika Ulimwengu Mwingine". Mtoto huyo, Amy, ni chotara wa viumbe wawili, na pande zote mbili zinamdharau. Bwana yule hana wajibu wowote juu yake kwa hesabu ya dunia, lakini anafungua mkahawa ili amlishe. Riwaya za namna hii, za wanaume wanaohangaika na chupa za maziwa na kusuka nywele za watoto, zimekuwa nyingi nchini China hata zimepata jina la aina yake. Hapo pia wazee wetu waliona "familia isiyo na nasaba".

Tunawauliza: ni wapi hasa nasaba imevunjwa? Turudi kwa mtoto wa kapuni. Alipookotwa alikuwa na kipande cha yakuti ya kijani kimeandikwa herufi moja, Qin. Hao wazee tisa, ambao kila mmoja alikuwa na jina lake, hawakumpa mtoto jina la yeyote kati yao. Wakamwita Qin, kwa kile alichokuja nacho, na Bibi Si akaongeza Mu, maana yake kuchunga. Basi akawa Qin Mu. Msomaji wa Suratul Ahzab hana budi kutulia hapa. Aya ya tano ya sura hiyo imeamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na ndipo Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarejea kuwa Zayd bin Haritha. Mchina mwandishi wa vichekesho, asiyeijua aya hiyo kwa kadiri ya dhana yetu, ametunga kijiji cha vilema kinachomlea mtoto kwa miaka mingi na kumwachia alama ya baba yake shingoni.

Jambo hili linazidi kuwa la ajabu kwa anayeijua desturi ya kwao. Sheria ya dola ya Tang, iliyotolewa pamoja na ufafanuzi wake mwaka 653, yaani katika zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman, ilikataza mtu kumchukua mtoto wa ukoo mwingine amfanye mrithi wake. Lakini ilitoa ruhusa kwa mtoto aliyetupwa akiwa na umri wa miaka mitatu au chini yake: huyo aweza kuchukuliwa, na atachukua jina la ukoo wa aliyemchukua. Huo ni miaka miwili tu baada ya ule ujumbe wa Waarabu ambao vitabu vya Tang vinautaja mwaka 651. Sheria mbili, kila moja katika upande wake wa dunia, zilikuwa zikimtazama mtoto yule yule aliyeachwa njiani. Moja ikampa hifadhi na kumbadilisha jina. Nyingine ikamwachia jina lake na kumpa hifadhi. Hakuna hata moja iliyosema aachwe.

Yako mambo mengine ambayo barua ya wazee wetu haikuyafikiria. Kwa nini Wachina wa leo waandike kwa wingi kiasi hiki kuhusu jamaa za kubuni? Lugha yao, kama yetu, ina hazina ya majina ya udugu. Baba mkubwa ana jina lake na baba mdogo ana lake, mjomba si ami, na shangazi si mama mdogo. Kuanzia mwaka 1980 hadi 2015 dola ya China iliweka kanuni ya mtoto mmoja, ambayo ingawa ilikuwa na ruhusa zake, hasa vijijini, iliwafikia wengi wa watu wa mijini kwa ukamilifu. Mtoto asiye na ndugu huzaa mtoto asiye na ami wala shangazi wala binamu. Majina yale yote yanabaki katika kamusi bila ya mtu wa kuitwa. Kisha katika riwaya hizi tunaona vyama vya wanafunzi vilivyojaa kaka mkubwa, dada mdogo, baba mkubwa wa masomo na baba mdogo wa masomo. Hata neno lao la mwalimu wa fani, shifu, huandikwa kwa herufi mbili, na ya pili ni ile ile ya baba. Hatudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana hadithi za ndugu wa kiapo ni za kale kwao kuliko kanuni hiyo. Lakini mtu aliyekulia peke yake kati ya kuta nne, akatunga mtoto mwenye walezi tisa wanaomgombania, sisi hatumwoni kuwa ameifanyia familia mzaha. Tunamwona anaililia.

Na lile kapu nalo si la kubuni kabisa. Katika mji wa Guangzhou, ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa kwenda kununua bidhaa, mwezi Januari mwaka 2014 kilifunguliwa chumba maalumu ambamo mzazi angeweza kumwacha mtoto mchanga bila ya kuulizwa, ili asitupwe vichochoroni akafa. Katikati ya mwezi Machi chumba hicho kilisimamishwa, haikutimia hata miezi miwili, kwa sababu watoto walioletwa walifikia 262 na kituo hakikuweza tena. Ilitangazwa kwamba wote walikuwa wagonjwa au wenye ulemavu. Tunaomba msomaji aiweke habari hiyo kando ya kijiji kile cha riwaya. Huku watoto wenye ulemavu wanaachwa na wenye viungo kamili. Kule mwenye viungo kamili anaokotwa na wenye ulemavu. Anayecheka bila ya kuliona hilo amecheka nusu.

Watasema: "Lakini hayo ni ya makafiri, sisi tuna sheria yetu." Ahsanteni, basi na tuifungue sheria yetu. Imam an-Nawawi katika al-Minhaj, kitabu ambacho katika pwani hii kimesomwa na babu wa babu zetu, ameweka mlango kamili wa laqit, mtoto wa kuokotwa. Ameanza kwa kusema kuwa kumwokota ni fardhi kifaya, maana yake wasipomwokota watu wa mahali hapo, wote wanapata dhambi. Anayemwokota anatakiwa ashuhudishe, ili uhuru wa mtoto na nasaba yake visipotezwe. Mali aliyokutwa nayo, hata kama ni kitambaa alichofungiwa, ni yake. Matumizi yake yanatoka katika mali hiyo. Ikikosekana ni juu ya Baitul Mal, na Baitul Mal ikiwa tupu, Waislamu wanasimama kumtosheleza. Imepokewa vilevile kwamba Sayyidna Umar aliletewa mtoto wa namna hiyo, akamwachia ulezi yule aliyemwokota na kuyachukua matumizi juu ya dola.

Basi kilichokatazwa ni nini? Kilichokatazwa ni tabanni, nayo ni kumnyang'anya mtoto jina la baba yake, kumpachika katika mirathi isiyo yake, na kuwachanganya mahramu na wasio mahramu. Kila moja katika hayo lina mlango wake wa halali. Anaweza kuusiwa hadi thuluthi ya mali. Akiwa hajatimiza miaka miwili anaweza kunyonyeshwa katika nyumba hiyo hadi awe mtoto wa maziwa, kama Bibi Halima alivyomnyonyesha Mtume wetu (s.a.w.). Na yule asiyejulikana baba yake kabisa, aya ile ile ya Ahzab haikumwacha nje: imemwita ndugu yetu katika dini. Wenye kuisoma nusu ya kwanza ya aya ili kufunga mlango, wanaifanya nini nusu ya pili?

Tunakumbusha pia kwamba Nabii Musa (a.s.) alitiwa katika kisanduku akaachiwa mto, akalelewa katika nyumba isiyo ya ukoo wake wala ya dini yake. Kisa hicho tunakisoma katika Taha na al-Qasas, na hatujawahi kusikia mzee akilalamika kwamba kinafundisha familia zisizo na nasaba.

Hatukupenda kuliandika hili linalofuata, lakini barua yenyewe imetulazimisha. Msikiti ulikotoka barua hiyo ndio msikiti ambao miezi saba iliyopita, kabla ya adhana ya Alfajiri, mtoto mchanga wa kiume alikutwa mahali pa kutawadhia, amefungwa katika kanga na kuwekwa ndani ya kapu la kubebea samaki. Kamati ilikutana siku hiyo hiyo. Taarifa ilipelekwa kwa wenye mamlaka, na katika hilo walitenda sawa, kwa kuwa huko ndiko kushuhudisha kwa zama hizi. Mtoto akapelekwa katika kituo cha kulelea watoto. Kisha mume na mke wa jamaa hiyo hiyo, ambao kwa miaka kumi na minne hawakuruzukiwa mtoto, wakaja kuuliza kama wanaweza kumwomba. Waliambiwa kwamba Uislamu hauruhusu kuasili, na shauri likafungwa kwa dua. Wakarudi nyumbani. Hakuna aliyewaeleza tofauti ya tabanni na ulezi. Hakuna aliyewaambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka utaratibu wa familia kumlea mtoto bila ya kumwasili. Na hakuna aliyekwenda tangu siku hiyo kumtazama mtoto, isipokuwa mwadhini aliyemkuta, ambaye amekwenda mara mbili kwa nauli yake.

Hatukatai kwamba walioamua hivyo walikuwa na nia njema. Waliogopa haramu, na kuogopa haramu ni katika uchamungu. Lakini mwenye kuogopa haramu huuliza, na mlango wa laqit haukufunguliwa siku ile na yeyote, ingawa Minhaj ipo katika kabati la msikiti huo, tumeiona wenyewe, imetiwa vumbi.

Simu tumeirejesha kwa babu, naye yuko huru kumrudishia mjukuu wake au kutomrudishia. Tumemwomba tu kwamba akimrudishia, amtake amsimulie kisa cha Bibi Si tangu mwanzo, nao wakae pamoja wakati wa kusimuliana. Mume na mke wale tumewaandikia utaratibu wote katika karatasi, pamoja na masharti ya kunyonyesha, kwa kuwa mke ana dada anayenyonyesha hivi sasa, na dada huyo akimnyonyesha atakuwa mama mdogo wake wa maziwa yule mke. Kanga na kapu, ambavyo kwa sheria ni mali ya mtoto, bado viko stoo ya msikiti, na tumeomba vihifadhiwe.

Kamati ya msikiti huo inakutana Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Katika tangazo lililobandikwa mlangoni, ajenda ya kwanza ni simu za vijana na ya pili ni rangi ya ukuta. Tumeandika kuomba iongezwe ajenda ya mtoto yule, na iwekwe ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.